JE, MACHO YAKO YANAZIDI KUPUNGUA NGUVU? KIPIMO KIMOJA HAKITOSHI



Tunapopita nyumba kwa nyumba tunaulizwa sana swali hili: "Mara ya kwanza niliambiwa macho yameshuka, safari hii naambiwa yamepanda. Nani anasema kweli?" Huenda wote wawili walipima vizuri. Tueleze kwa nini.

Kwa nini majibu hubadilika?

Ubao wa herufi E husomwa kwa umbali wa mita 6. Ukiandikiwa 6/18, maana yake ni kwamba kitu unachokiona ukiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 18. Namba ya pili ikizidi kuwa kubwa, uwezo wa kuona umepungua. Lakini mwanga ukiwa hafifu, ukiwa umechoka, macho yakitoa machozi au ukijibu kwa kubahatisha, jibu linaweza kupanda au kushuka mstari mmoja, na jicho lenyewe liko vile vile.

Tuchukue mfano wa watu wawili waliopimwa mara nne:
- Wa kwanza: 6/12, 6/18, 6/12, 6/18.
- Wa pili: 6/12, 6/18, 6/18, 6/24.

Vipimo viwili vya mwanzo vinafanana kabisa. Ni cha tatu na cha nne vinavyoonyesha tofauti: wa kwanza anapanda na kushuka pale pale, wa pili anaelekea chini. Huyo wa pili asicheleweshwe kwenda kwa mtaalamu.

Ugonjwa usioonekana kwenye ubao

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi huanza kula pembeni. Mtu anaweza kusoma ubao hadi mstari wa mwisho, huku akijigonga mlangoni. Kilichopotea hakirudi, ila dawa au upasuaji huweza kulinda kilichobaki. Ndiyo maana hospitali kubwa hupima upana wa kuona: unatazama katikati ya mashine na kubonyeza kitufe kila unapoona kimwanga pembeni. Kipimo hiki nacho hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo madaktari hukilinganisha kwa njia mbili.

Njia ya 1: Kulinganisha na mwanzo

Vipimo viwili vya mwanzo huwekwa kuwa msingi. Kila kipimo kipya hulinganishwa na msingi huo. Sehemu zile zile zikionekana zimeshuka katika vipimo vitatu mfululizo, huhesabiwa kwamba huenda ugonjwa unaendelea. Uzuri wake ni kwamba hukamata hata sehemu ndogo iliyoharibika. Ubaya wake: kama siku za mwanzo hukuelewa namna ya kubonyeza, msingi ni mbovu na hesabu yote hupotoka. Tena haisemi ugonjwa unakwenda kasi gani.

Njia ya 2: Kufuata mwelekeo

Vipimo vyote hupangwa kwa tarehe na kuchorwa mstari unaopita kati yake. Mstari ukiinama, daktari anajua uwezo wa kuona unapungua kiasi gani kila mwaka, na kama dawa inatosha. Ubaya wake ni kuhitaji vipimo vingi. Mwaka 2008 kundi la wataalamu lilishauri mgonjwa mpya apimwe mara 6 katika miaka 2 ya kwanza. Pia wastani wa jicho zima unaweza kuficha sehemu ndogo iliyokufa, na mtoto wa jicho anaweza kuushusha mstari ingawa glakoma imetulia.

Basi ipi ni bora? Hakuna inayotosha peke yake. Ya kwanza husema "kuna kilichobadilika", ya pili husema "kinabadilika kwa kasi hii". Lakini zote mbili hazifanyi kazi bila karatasi zako za zamani.

Wewe ufanye nini?

- Tunza kadi na karatasi zote za macho kwenye mfuko wa plastiki. Nyingine tumezikuta zimefungiwa karanga!
- Ukihamishiwa kambi nyingine au ukirejea nyumbani, ondoka nazo. Zikipotea, daktari ataanza hesabu upya na miezi itapita.
- Kama una miwani ya kuonea mbali, nenda nayo kila unapopimwa.
- Usiache dawa ya matone kwa sababu kipimo kimoja kimetoka vizuri. Usikate tamaa pia kwa sababu kimoja kimetoka vibaya. Rudi upimwe tena.

Angalizo: Ukipoteza kuona ghafla, au jicho likiuma sana, likawa jekundu na ukatapika, usingoje kulinganisha chochote. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mwambie na jirani yako, hasa mzee asiyeweza kusoma ukurasa huu.