Piga Picha Chasisi Kwanza: Somo la Biashara Nililolipata Chini ya Land Rover Kuukuu

Leo siuzi kitu. Nataka kuwasimulia habari ya Land Rover moja kuukuu iliyonifundisha kuuza mtandaoni kuliko semina zote nilizowahi kukaa, na iliyonitia aibu mbele ya mteja ambaye hadi leo sijaonana naye uso kwa uso.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari. Nilipostaafu, miezi mitatu ya mwanzo nililala mpaka saa mbili asubuhi na nikaona raha. Mwezi wa nne nikaanza kukaa jikoni na kumwelekeza mama watoto jinsi ya kupanga sufuria. Akaniambia, "Baba, tafuta kitu cha kufanya, la sivyo tutagombana uzeeni."

Kitu nilichokitaka tangu utoto nilikuwa nakijua. Land Rover 109, ile ndefu. Kijijini kwetu ndiyo iliyoleta chanjo, ndiyo iliyomleta mkaguzi wa shule, na ndiyo iliyompeleka mama yangu mdogo hospitali usiku wa mvua. Tukakubaliana: kwenye kiinua mgongo nitoe milioni 9, gari na matengenezo humo humo. Hela ya nyumba na ya kuku isiguswe. Tukaandika kwenye daftari na kusaini wote wawili.

NILINUNUA KWA MACHO

Nikakuta tangazo kwenye simu. Picha sita. Bodi imepigwa rangi ya kijani inang'aa, taa mpya, matairi yamepakwa dawa mpaka yanameta. Maelezo: "Land Rover 109 Series III, haina shida, weka ufunguo ondoka." Bei milioni 6.

Fundi wangu akaniambia, "Mwalimu, kabla hujalipa, lala chini ya hiyo gari."

Nilienda kuliona. Lakini siku hiyo nilivaa shati jeupe, si unajua tena mambo ya ujana kurudi. Nikawasha injini, ikanguruma vizuri. Nikazunguka gari mara mbili, nikagonga mlango, nikalipa. Chini sikulala.

Kumbe ndiko shida ilikokuwa.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye somo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya vita kuu ya pili. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hiyo bodi wakaitengeneza kwa aloi ya alumini. Alumini haili kutu kama chuma. Ndiyo maana unaona Land Rover ya miaka 50 bodi yake bado imesimama, ukipaka rangi inaonekana kama mpya. Lakini chasisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba kila kitu, ni chuma. Tena ni chuma chenye umbo la boksi, ndani mna uwazi. Tope na maji vikiingia humo vinakaa, na kutu inaanza kula kutokea ndani kwenda nje. Unaweza kuiona chasisi imepakwa rangi nyeusi safi kabisa huku ndani imebaki kama karatasi.

Wazee walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fundi alichukua nyundo ndogo, akaanza kugonga chasisi polepole kutoka mbele. Chuma kizima kinalia, ngi, ngi, ngi. Alipofika karibu na springi za nyuma, mlio ukabadilika ukawa pu. Akagonga tena, nyundo ikazama. Sikusema neno. Yeye naye, kwa heshima, hakusema "si nilikwambia."

Kukata sehemu zilizooza na kuchomelea vyuma vipya kulikula milioni 2 na laki 4. Kwenye zile milioni 9, zikabaki laki 6. Breki bado, nyaya za umeme bado, paa bado.

NIKAGEUKA MUUZAJI

Gari lilikuja na sanduku mbili za spea za zamani. Nikasema hapa ndipo nitakapopata hela bila kugusa daftari la mama watoto. Nikaanza kupiga picha na kuweka kwenye makundi ya magari ya zamani na kwenye status yangu. Nikashangaa, wateja wapo! Watu wanazipenda sana hizi gari. Mwaka 2024 Arusha ilifanyika hadi tamasha la Land Rover. Langu siku hizo lilikuwa juu ya mawe, sikwenda. Lakini simu ilikuwa inaita.

Nikauza taa. Nikauza vishikio vya milango. Kisha nikaweka shafti ya nyuma, ile inayotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Nilikuwa na haraka, nilitaka hela ya breki. Nikaandika: "Shafti ya nyuma, orijino, inaingia 109 zote."

Jamaa mmoja wa Singida akalipa siku hiyo hiyo. Shilingi 150,000, na nauli ya basi 20,000 juu yake. Nikaufunga mzigo vizuri na kuupeleka stendi. Jioni nikanunua vifaa vya breki. Nikalala usingizi mtamu.

MENO 10 NA MENO 24

Siku ya nne simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo umefika?"

"Umefika mzee, asante. Ila hii shafti ina meno kumi. Difu yangu inataka meno ishirini na nne."

Kwa wasiojua: 109 za zamani zilikuwa na difu ya aina moja, ambayo shafti yake ina meno 10. Baadaye wakaweka difu nyingine kubwa na imara zaidi, inaitwa Salisbury, na ya kwake ina meno 24. Zote ni 109, kwa nje gari ni lile lile. Shafti haziingiliani hata ukiomba dua.

Sasa nikiri mbele yenu. Habari ya difu mbili niliijua. Fundi alishanieleza. Nisichofanya ni kukaa chini na kuhesabu meno, kazi ya dakika moja, kwa sababu moyoni sikutaka kujua. Ningehesabu, ningelazimika kuandika "inaingia baadhi," na wateja wangepungua.

Kijana hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu gari lake linabeba alizeti, ni msimu wa mavuno, na sasa lina siku tisa liko kwenye jeki: tano kabla hajaniona mimi, na nne za kungojea shafti yangu. Kisha akasema, "Mzee, ungenipigia picha meno tu, nisingekusumbua."

Nikakaa kimya. Yule aliyeniuzia gari alinionyesha bodi akanificha chasisi. Mimi nimelalamika mtaa mzima. Halafu na mimi nimefanya vile vile kwa mtu anayetafuta riziki, wakati mimi gari langu ni la kujifurahisha tu.

Hela yake nilikuwa nimeshaitumia. Ikabidi nimwendee mama watoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Meno uliyahesabu?"

"Hapana."

"Angekuwa mwanafunzi wako ungempa ngapi?"

"Sifuri."

Akanikopesha kwenye hela ya mayai. Nikarudisha 150,000, nikarudisha na nauli yake 20,000, na ya kurudisha mzigo nikalipa mimi. Kisha nikapiga simu kwa mafundi watatu mpaka nikampata mwenye shafti ya meno 24, nikawaunganisha bila kuchukua hata senti. Gari likatoka. Yule kijana hajawahi kununua kwangu tena, na simlaumu.

NINAVYOUZA SIKU HIZI

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Uwe unauza spea, viatu vya mtumba, simu au vitenge, utaona pa kuchukua.

1. Piga picha kasoro kabla ya kupiga picha uzuri. Ukianza na uzuri utalipenda tangazo lako, na ile kasoro utaiona ndogo. Mimi naanza na kutu, ufa, sehemu iliyochomelewa. Nikishamaliza hapo ndipo nageuza upande mzuri. Kwa mtumba ni soli na kwapa. Kwa simu ni kioo kikiwa kimezimwa, na afya ya betri.

2. Hesabu, pima, usikadirie. Maneno "inaingia zote" na "inafaa saizi zote" nimeyafuta kabisa. Naweka rula pembeni ya kitu kwenye picha. Kama kina namba ya kiwandani, naipiga picha ya karibu mpaka isomeke.

3. Muulize mteja kabla hajalipa. Mtu akitaka spea ya Land Rover, namuuliza: saa za dashibodi ziko katikati au mbele ya dereva? Series II na IIA ziko katikati, Series III ziko mbele ya dereva. Akitaka shafti, namwomba picha ya difu kutoka nyuma. Salisbury ina mfuniko uliofungwa kwa bolti. Maswali mawili hayo yameshaniokoa mara nyingi. Wewe jua maswali mawili ya bidhaa yako.

4. Sema mapema nani analipa nauli ya kurudisha. Mimi naandika: "Nikikosea mimi, nalipa mimi. Ukikosea wewe, unalipa wewe." Bishano limekwisha kabla halijaanza.

5. Hela ya mteja usiitumie mpaka athibitishe mzigo. Siku tatu nne tu. Ningefanya hivyo, nisingegusa hela ya mayai.

Je, unapoteza wateja ukisema kasoro? Ndiyo, wapo wanaopita. Sitawadanganya. Lakini niliwahi kuandika: "Rejeta, inavuja kona ya chini kushoto, angalia picha ya pili." Ilinunuliwa ndani ya siku mbili na jamaa ambaye kazi yake ni kuziba rejeta. Kwake ule uvujaji haukuwa shida, ulikuwa bei nzuri. Na tangu ile shafti, hakuna mzigo uliorudishwa kwangu.

Gari sasa linatembea. Paa bado, mvua ikinyesha mama watoto anafungua mwavuli ndani, lakini Jumamosi tunaenda nalo sokoni na watoto wa mtaa wanalikimbilia. Mwezi uliopita mtu aliona picha akaniahidi milioni 14. Nikamwambia silo la kuuza, lakini akitaka kuliona aje amevaa nguo za kazi, maana kabla hatujaongea chochote atalala chini.

Wewe je? Kwenye bidhaa yako, chasisi iko wapi, ile sehemu ambayo mteja haioni kwenye picha? Tuandikie hapo chini, wengine wajifunze.