Keki ya matofaa Kapsoya: kwa nini kipimo cha pwani hakifui dafu bara

Mpwani anayehamia Eldoret huonywa mapema habari ya baridi. Ataambiwa abebe sweta, blanketi mbili, na asijaribu kuoga alfajiri. Asichoambiwa na mtu ni kwamba keki yake itamkataa. Ile ile aliyoipika Likoni au Majengo miaka kumi, kwa kipimo alichopewa na mamake, itaumuka vizuri ajabu dakika ishirini za mwanzo, ifike ukingoni mwa chombo, kisha ikikaribia kuiva ibonyee katikati kama mto uliolaliwa. Ukiikata, pembeni kavu, katikati mbichi.

Mimi nakaa Kapsoya, mwaka wa tisa huu, na hakuna swali la jikoni ninaloulizwa na wapwani wenzangu kuliko hili. Leo nalijibu kwa kirefu, na nalijibu kwa keki moja ya kizamani, keki ya rojo la matofaa na viungo, kwani katika keki zote nizijuazo hiyo ndiyo inayovumilia zaidi hewa ya huku.

Kwanza sababu. Mombasa iko usawa wa bahari. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, juu hata kuliko Nairobi. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na mkandamizo wake hupungua. Huku kwetu umepungua kwa kiasi cha moja ya tano. Hapo yanafuata mambo mawili.

La kwanza ni maji. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100, hapa kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana maharagwe ya Eldoret humaliza makaa na bado yakawa magumu: maji yanatokota lakini moto wake ni mdogo. Maji yaliyo ndani ya keki nayo hutoroka upesi. Yakiondoka, sukari inabaki nyingi kuliko ulivyokusudia, na sukari ikizidi keki huchelewa kushikana.

La pili ni gesi. Bekingi pauda na bekingi soda kazi yao ni kutoa vipovu. Pwani hewa nzito huvikandamiza vikakaa na adabu. Huku havina wa kuvizuia, huvimba kwa kama robo zaidi. Basi keki hupanda mbio kabla unga na mayai havijaiva vya kutosha kuibeba. Vipovu hupasuka, paa likaanguka kwa sababu nguzo bado ni mbichi.

Sasa tazama afanyavyo mtu keki ikianguka. Huona haikuumuka sawasawa, akaongeza bekingi pauda. Ya pili huanguka zaidi ya ile ya kwanza. Huongeza tena. Dawa ni kinyume chake kabisa: punguza.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona linakoweza kufika. Jirani yangu mmoja, mtu wa pwani kama mimi, alipohamia mtaani alianza kupika keki za kuuza. Oda tatu za Idd zikamwangukia, mayai na siagi vyote vya deni. Akaacha kusalimiana na mama wa mlango wa pili, kwa kuwa siku ya kwanza mama huyo alichungulia jikoni akasema, "Wee, keki nzuri hiyo!" wala hakutia mashallah. "Dadangu, mimi nimepigwa jicho," aliniambia, na alikuwa ameshaanza kutafuta nyumba mtaa mwingine. Yule mama hakuwa na habari hata kidogo kosa lake ni lipi. Habari ya jicho sikumbishia. Nilimwomba kijiko tu. Tukapima upya, bekingi pauda ikapungua kwa robo, sukari ikapungua, maziwa yakaongezwa kidogo, na keki ikasimama. Kipande cha kwanza alikipeleka mlango wa pili mwenyewe.

Nije kwenye matofaa. Wazee wetu wakisema tofaa walimaanisha lile tunda jekundu la pwani, laini, lenye harufu kama ya waridi, ambalo halina undugu na hili la dukani. Jina lenyewe ni la Kiarabu, na Waarabu hulitumia kwa hili la baridi. Siku hizi vijana husema "epo" wakamaliza. Mengi yanayouzwa Kenya hutoka Afrika Kusini, ingawa miaka ya karibuni wakulima wa nyanda za juu nao wamepanda miti yao. Kwa keki hii usinunue yale yanayong'aa. Mwombe muuzaji yaliyogongwa au kunyauka kidogo, atakupunguzia bei, na kwenye sufuria hayana tofauti.

Keki yenyewe ni ya Wamarekani. Waliipika sana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sukari, siagi na mayai vilipokuwa adimu, maana rojo la matofaa lina utamu wake na hufanya sehemu ya kazi ya mafuta na mayai. Siri iko ndani ya tunda: lina kitu kiitwacho pektini, kile kile kinachogandisha jemu, na pektini hushika maji yasitoroke. Hapo utaona kwa nini naipenda kwa Eldoret. Keki nyingine hukauka huku siku ya pili. Hii hubaki na unyevu siku tatu, nne, na mimi naiona ya siku ya pili tamu kuliko ya siku ya kwanza, kwani viungo huwa vimeingia.

Rojo kwanza. Menya matofaa matano ya kiasi, toa mbegu, katakata, tia nusu kikombe cha maji, funika, moto mdogo. Pwani dakika ishirini zatosha; Kapsoya ongeza kama kumi. Yakilainika yaponde kwa mwiko. Usitie sukari. Wataka kikombe kimoja na nusu, na rojo liwe zito, likidondoka kwenye kijiko polepole kama uji mzito. Liache lipoe kabisa. Hili usilipuuze: rojo la moto huiamsha soda kabla ya wakati wake, na gesi itaishia bakulini.

Viungo ni vyetu, hapa Wamarekani wanatufuata sisi. Mdalasini kijiko kimoja cha chai, hiliki nusu kijiko, kungumanga robo, karafuu robo. Twanga mwenyewe kwenye kinu ukiweza. Za pakiti mara nyingi zimeshapoteza harufu. Karafuu usizidishe hata kama watoka Pemba. Hutia ganzi, ndiyo maana hubanwa jinoni, na keki ya kutia ganzi mdomo haina mgeni.

Chekecha unga wa ngano vikombe viwili na viungo hivyo, chumvi robo kijiko, na bekingi soda robo tatu ya kijiko cha chai. Bekingi pauda huhitaji, kwa kuwa uchachu wa matofaa ndio unaoiamsha soda. Bakuli jingine, piga mafuta ya kupikia nusu kikombe na sukari robo tatu ya kikombe, tia mayai mawili, kisha rojo. Mmarekani wa kizamani angetia yai moja au asitie. Huku mawili ni ya lazima, ndiyo nguzo zenyewe. Changanya na unga kwa mwiko, usipige sana. Ukiona mzito, maziwa vijiko vitatu vya mezani. Zabibu kavu ukipenda.

Mwenye oveni aiweke nyuzi 185, juu kidogo kuliko pwani, ili keki ishikane kabla haijapanda kupita kiasi. Dakika arubaini hivi, na usifungue mlango nusu saa ya kwanza.

Asiye na oveni, na Kapsoya ndio wengi, afanye kama mkate wa sinia. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Tahadhari ni moja: washa makaa ya juu mapema yawe yamekolea kabla ya kuweka keki. Baridi ya hapa hula moto, na makaa yanayosuasua juu huiacha keki iumuke bila kuiva, tukarudi kule kule. Weka jiko mahali pasipo upepo, ila nje au penye dirisha wazi; usijifungie na makaa ndani kwa ajili ya baridi, moshi wake usioonekana huua.

Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua, ikae dakika kumi kabla ya kuigeuza, kwani ikiwa ya moto huvunjika.

Na ukishuka Mombasa likizoni ukataka kuwapikia nyumbani, usiende na kipimo hiki. Soda irudi kijiko kizima, sukari kikombe kizima, maziwa yaache, yai moja latosha, na moto uwe nyuzi 175.