Daraja Jipya Hujengwa la Zamani Lingali Limesimama

Mkulima akivuna mahindi yake, kazi haijaisha mpaka yafike sokoni. Kati ya shamba na soko ipo barabara, na katika barabara lipo daraja. Daraja likivunjika, mahindi hubaki ghalani, maziwa huharibika, na mkopo wa shamba hukosa kulipwa.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Huko Jinja, Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Leo huitwa Nalubaale. Juu ya bwawa hilo ilipita barabara kuu itokayo Mombasa, kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret, hata Kampala na Rwanda. Miaka ilipopita, malori yakawa mengi na mazito kuliko yale ya mwaka 1954.

Je, kwa nini wasitengeneze njia ile ile? Kwa sababu matengenezo makubwa yangeizuia njia, na mizigo ya nchi nyingi ingekwama. Tena ukuta wa bwawa haupanuliwi kama barabara ya udongo. Kwa hiyo ilikatwa shauri kujenga daraja jingine, na lile la zamani liendelee kutumika mpaka jipya liwe tayari.

Kazi kama hii haianzi kwa saruji. Kwanza wahandisi huhesabu magari, hukadiria uzito wa malori ya miaka ijayo, na huchimba ardhi kuutafuta mwamba. Kisha hutafutwa fedha. Uganda ilipata mkopo kutoka Japani. Kazi ilianza mwaka 2014, na daraja likafunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Urefu wake ni mita 525. Kati ya minara yake miwili ni mita 290, na sakafu yake imeshikwa na nyaya nene za chuma, hivyo hapana haja ya nguzo nyingi majini.

Nasi tunayo madaraja yetu madogo katika vijito vya skimu. Yakague kabla ya mvua kubwa. Ondoa takataka zinazozuia maji. Ukiona magogo yameoza, iambie kamati yenu na chifu mapema, mkate magogo mapya wakati yale ya zamani yangali yanapitika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayengoja daraja lianguke, hujenga huku mazao yake yakioza ng'ambo.