Kuku walivyolifungia soko lori dogo la Volkswagen

MIONGONI mwa magari madogo ya mizigo yaliyozaliwa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni machache yaliyofika mbali kama lile la Volkswagen ya Ujerumani. Hata hivyo, pigo kubwa lililolipata lori hilo halikutoka kwa mshindani wake wa barabarani. Lilitokana na kuku.

Asili ya gari hilo ni kiwanda cha Wolfsburg, ambacho baada ya vita kiliwekwa chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza. Kiwandani humo kulihitajika chombo cha kuhamishia vipuri na mabati kutoka karakana moja hadi nyingine. Mafundi waliokuwa chini ya Meja Ivan Hirst, ofisa wa Kiingereza aliyesimamia kiwanda, walichukua chasisi ya gari dogo la Volkswagen, lile la mgongo wa mviringo, wakaunda mkokoteni wenye injini. Dereva aliketi nyuma kabisa juu ya injini, na shehena ikakaa mbele yake.

Ben Pon, mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyetaka kuuza magari ya Volkswagen nchini mwake, aliuona mkokoteni huo akavutiwa nao. Tarehe 23 Aprili, 1947, alichora katika daftari lake gari lenye umbo la mkate wa boflo, dereva akiwa mbele, injini nyuma na mzigo katikati. Ni mchoro wa mistari michache ambao hata mtoto wa shule angeweza kuuchora, lakini ndani yake mlikuwa na jibu la swali gumu. Uzito wa dereva upande mmoja na wa injini upande wa pili ulilingana kwa kiasi, na kwa kuwa mzigo ulikaa baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, gari lilibaki na mizani yake, liwe tupu au limejaa.

Kazi yenyewe ilianza baada ya Heinz Nordhoff kushika uongozi wa kampuni mwaka 1948. Gari la kwanza la majaribio, lililojengwa juu ya chasisi ile ile ya gari la abiria, lilishindwa mwaka 1949: chasisi haikustahimili uzito. Ikabidi wahandisi waunde bodi inayojibeba yenyewe, ikiimarishwa kwa mihimili chini ya sakafu. Walitumia pia majaribio ya upepo yaliyofanyika mjini Braunschweig, yaliyoonyesha kuwa uso uliopindwa kwa mviringo hupunguza sana ukinzani wa hewa kuliko uso bapa.

Uzalishaji ulianza Machi 8, 1950. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,131 yenye nguvu za farasi 25 tu, ilhali gari lilitakiwa kubeba kiasi cha kilo 750. Ili liweze kupanda milima, magurudumu ya nyuma yalifungiwa gia za ziada za kupunguza mwendo, ufundi uliorithiwa kutoka gari la kijeshi la wakati wa vita. Ni dhahiri kwamba dereva alihitaji subira kuliko haraka.

Lori lenyewe la bodi wazi, ambalo sisi tungeliita pikapu, lilitoka mwaka 1952. Kulitengeneza hakukuwa kukata paa tu. Tangi la mafuta na tairi la akiba vilihamishwa ili sehemu ya kubebea iwe tambarare kuanzia nyuma ya dereva hadi mwisho. Kuta zake fupi ziliteremshwa pande tatu, na chini ya sakafu hiyo kulikuwa na sanduku la kufungwa kwa ufunguo, ambamo fundi aliweza kuhifadhi vifaa vyake visiibwe wala kulowa mvua. Dosari yake haikuwa ndogo: miguu ya dereva ilitenganishwa na ajali kwa bati tu.

Mahitaji yalizidi nafasi ya Wolfsburg, na mwaka 1956 kazi ikahamishiwa kiwanda kipya mjini Hannover. Toleo lenye viti vya kuondolewa, la abiria na mizigo kwa pamoja, liliitwa kwa Kijerumani kwa kifupi Kombi, na ndilo lililotupatia neno kombi tunalolitumia hadi leo.

Marekani nako lori hilo lilipata wateja, kiasi kwamba mwaka 1961 Ford na Chevrolet walitoa pikapu za kushindana nalo. Ile ya Chevrolet nayo iliwekwa injini nyuma.

Wakati huo huo wafugaji wa Marekani, waliokuwa wamegeuza ufugaji wa kuku kuwa shughuli ya viwandani, walikuwa wakiuza nyama nyingi kwa bei ndogo Ujerumani Magharibi. Wafugaji wa Ulaya walilalamika, na mwaka 1962 Soko la Pamoja la Ulaya likapandisha tozo kwa kuku wa kutoka nje. Shauri lilifikishwa kwenye mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara, ambako jopo lilikadiria hasara ya Marekani kuwa dola milioni 26.

Desemba 4, 1963, siku chache baada ya kushika madaraka, Rais Lyndon Johnson alitia saini tangazo la kulipiza. Kuanzia Januari 1964 ushuru wa malori madogo ulipanda kutoka asilimia 8.5 hadi 25. Wanga wa viazi, dekstrini na brandi navyo viliguswa. Kisheria ushuru uliihusu kila nchi, hata Japani ambayo haikuwa na ugomvi wa kuku, lakini walengwa walijulikana. Basi dogo la Volkswagen lilihesabiwa gari la abiria, likaendelea kuuzwa. Ndugu yake wa mizigo akafungiwa mlango, na mauzo yake huko yakaporomoka.

Ushuru wa bidhaa nyingine uliondolewa baadaye, ila wa malori ulidumu zaidi ya nusu karne, ukiwakinga watengenezaji wa Marekani. Nao haukuwaacha salama. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2009, Ford iliingiza kutoka Uturuki magari madogo yaliyofungwa viti vya nyuma ili yahesabiwe ya abiria, kisha ikaving'oa viti hivyo baada ya kupita forodha. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 365 kumaliza shauri hilo.