Unataka kusomea uzamili wa usimamizi wa michezo ukiwa kazini? Soma haya kabla ya kutuma maombi

Tarehe 12 Agosti 2012, Guor Marial alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini London bila bendera ya nchi yake. Miguu alikuwa nayo, na muda wa kufuzu alikuwa nao. Kilichokosekana ni ofisi. Sudan Kusini ilikuwa imepata uhuru Julai 2011, lakini haikuwa bado na Kamati ya Olimpiki ya Taifa. Ili kamati kama hiyo itambuliwe, nchi lazima iwe na angalau mashirikisho matano ya michezo yaliyojiunga na mashirikisho ya kimataifa ya michezo ya Olimpiki. Kazi hiyo hufanywa na watu wanaoandika katiba, kuitisha uchaguzi, kuweka hesabu na kujibu barua. Kamati ya Sudan Kusini ilitambuliwa Agosti 2015. Mwaka uliofuata, huko Rio de Janeiro, Marial alibeba bendera.

Kama wewe ni katibu wa timu huko Gudele, mratibu wa michezo katika makazi ya wakimbizi ya Gorom, au mwalimu wa michezo aliyerudi kutoka Kakuma, kazi yako ni ya aina hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuomba shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo bila kuacha kazi hiyo.

Shahada hii inafundisha nini?

Haifundishi kupiga mpira wala kufundisha timu. Inafundisha kuendesha shirika la michezo: kupanga bajeti, kutafuta wafadhili, kuandaa mashindano, sheria na katiba za vyama, kuongoza wafanyakazi na watu wa kujitolea, na kuwalinda watoto wasidhulumiwe.

Unaweza kuona faida yake katika mpira wa kikapu. Shirikisho la Sudan Kusini likiongozwa na Luol Deng, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mkimbizi Misri na Uingereza, timu ya wanaume ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Mwaka 2024 ikaenda Olimpiki ya Paris na kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Wachezaji walikuwa wametawanyika katika nchi nyingi. Kuwatafuta, kuwaandikisha na kuwakutanisha ni kazi ya usimamizi.

Je, nina sifa za kuomba?

Vyuo vingi huomba mambo matatu:

- Shahada ya kwanza. Mara nyingi si lazima iwe ya michezo. Elimu, biashara na sayansi ya jamii pia hukubaliwa. Soma masharti ya chuo chako.
- Uwezo wa kusoma na kuandika kwa lugha ya masomo.
- Uzoefu wa kazi za michezo. Katika programu za watu walio kazini, hili lina uzito mkubwa. Kazi ya kujitolea pia inahesabika ukiwa na barua ya kuithibitisha.

Kama huna shahada ya kwanza, usitumie pesa yako kuomba uzamili sasa. Uliza Kamati ya Olimpiki ya Taifa au shirikisho la mchezo wako kuhusu kozi fupi za uongozi wa michezo. Cheti chake kitakusaidia baadaye.

Nisome wapi na kwa njia gani?

Kuna njia tatu kuu za kusoma ukiwa kazini.

Ya kwanza ni chuo cha nchi jirani chenye madarasa ya jioni, wikendi au likizo. Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya na Chuo Kikuu cha Kyambogo nchini Uganda vina idara za fani za michezo. Waandikie kwanza uwaulize: mwaka huu mnapokea wanafunzi wa uzamili? Mwanafunzi anatakiwa kufika chuoni mara ngapi kwa muhula? Darasa la Jumamosi jijini Kampala si rahisi kwa anayeishi Juba. Vipindi vya likizo vinaweza kumfaa mwalimu.

Ya pili ni kusoma kwa njia ya mtandao. Hapa hesabu bando na umeme kama sehemu ya ada. Uliza kama masomo yanaweza kupakuliwa na kusomwa nje ya mtandao, na kama mitihani inahitaji kamera iliyowashwa muda wote.

Ya tatu ni MEMOS, programu ya uzamili kwa watu ambao tayari wanafanya kazi katika mashirika ya michezo. Inaungwa mkono na Mshikamano wa Olimpiki, kitengo cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) kinachosaidia kamati za mataifa. Mshiriki haachi kazi. Huhudhuria vipindi vichache vya ana kwa ana, na kati ya vipindi hivyo hufanya mradi wa kutatua tatizo la shirika lake akiongozwa na mkufunzi. Inatolewa kwa Kiingereza na pia kwa Kifaransa, jambo linaloweza kumfaa msomaji aliyesoma Kongo au Burundi. Anayetaka ufadhili wa Mshikamano wa Olimpiki hupitia Kamati ya Olimpiki ya Taifa. Kwa hiyo, hata kabla ya kujaza fomu, hakikisha kamati na shirikisho lako wanakujua kwa kazi.

Kama una watoto wadogo au mgonjwa nyumbani, uliza vipindi vya ana kwa ana huchukua siku ngapi, ujue mapema nani atabaki nao.

Ninahitaji hati gani?

- Cheti cha shahada na hati ya matokeo ya masomo
- Pasipoti, kitambulisho cha taifa au kitambulisho cha mkimbizi
- Wasifu wa kazi, kurasa mbili zinatosha
- Barua mbili au tatu za mapendekezo
- Barua ya kueleza nia

Cheti kilichoandikwa kwa Kiarabu au Kifaransa kitahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Cheti cha nje ya Uganda kinaweza kuhitaji kulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE) la nchi hiyo. Anza mapema, kwa sababu hatua hizi huchukua wiki nyingi.

Kama ulipoteza vyeti ukikimbia, au chuo chako kilikuwa Khartoum na kazi zake zilivurugwa na vita vilivyoanza Aprili 2023, usikate tamaa, na usinunue cheti bandia. Cheti bandia kikigundulika utafukuzwa, na jina lako litaharibika. Kusanya ulicho nacho: picha ya cheti kwenye simu, kadi ya mwanafunzi, risiti za ada, barua pepe za wahadhiri. Kisha iandikie ofisi ya udahili ya chuo unachoomba ueleze hali yako kabla ya tarehe ya mwisho. Chuo kinaweza kukuelekeza njia nyingine ya kuthibitisha masomo yako.

Mkimbizi atakayehitaji kuvuka mpaka kwa masomo aulize Tume ya Masuala ya Wakimbizi (CRA) kuhusu hati ya kusafiria mara tu anapoanza kuomba. Usisubiri barua ya kukubaliwa.

Niandike nini katika barua ya nia?

Hapa ndipo waombaji wengi hupoteza nafasi. Huandika kwamba wamependa michezo tangu utotoni. Anayesoma barua mia moja amekutana na sentensi hiyo mara mia.

Andika tatizo unalolijua. Tuseme unaendesha ligi ya vijana yenye timu 12 na uwanja mmoja. Msimu uliopita mechi nne hazikuchezwa kwa sababu waamuzi hawakulipwa nauli. Timu mbili za wasichana zilijiondoa kwa sababu mechi zao zilipangwa jioni, na njia ya kurudi nyumbani si salama. Eleza ulichojaribu, kilichoshindikana, na unachotaka kujifunza ili msimu ujao uwe tofauti. Barua kama hiyo haiwezi kuandikwa na mtu mwingine, na tatizo hilo linaweza kuwa mradi wako wa utafiti.

Anayekuandikia barua ya mapendekezo naye awe mtu aliyekuona ukifanya kazi. Barua ya mkubwa asiyekujua haina nguvu kama ya mwenyekiti wa ligi anayekumbuka siku ulipotuliza ugomvi uwanjani.

Nani atalipa?

Tuseme ukweli: ufadhili wa uzamili kwa anayesoma akiwa kazini ni mgumu kupatikana. DAFI, mpango wa UNHCR ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani, umelenga shahada ya kwanza. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja wa kusoma muda wote, kwa hiyo utalazimika kuacha kazi.

Unachoweza kufanya:

- Uliza chuo kama unaweza kulipa ada kwa awamu, kozi moja moja.
- Uliza kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, hulipa ada ya wenyeji. Mkimbizi aulize anahesabiwa kundi gani.
- Mwombe mwajiri wako alipe sehemu, au akupe siku za masomo kwa maandishi.
- Tazama tovuti ya UNHCR ya fursa za masomo kwa wakimbizi.

Jihadhari na matapeli

Huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure. Hakuna mfanyakazi wa shirika anayeruhusiwa kukuomba pesa, zawadi au tendo la ngono ili akupendekeze. Ada ya maombi ya chuo hulipwa kwa akaunti rasmi ya chuo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Anayekuahidi nafasi ya uhakika anakudanganya. Ukiombwa chochote, toa taarifa kwenye dawati la ulinzi lililo karibu nawe.

Kabla hujaanza

Shahada haiahidi ajira. Lakini viti vya kuamua mambo ya michezo vinahitaji watu waliopita njia hii. Yiech Pur Biel alikulia Kakuma, akakimbia mita 800 katika Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi huko Rio mwaka 2016, na mwaka 2022 akawa mkimbizi wa kwanza kuchaguliwa mjumbe wa IOC.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: piga picha vyeti vyako vyote uvihifadhi kwenye barua pepe, na umwombe mwenyekiti wa ligi yako barua inayoeleza kazi uliyofanya na tangu lini. Hizo utazihitaji popote utakapoomba.