Makaroni ya kuoka kwa mbuta, hata pasipo ovena

VITABU vingi vya mapishi vinapoeleza jinsi ya kuoka makaroni kwa vyakula vya baharini hutaja kamba, ngisi na kome. Kwa mkazi wa Homa Bay au Migori, orodha hiyo hukatisha tamaa, kwani kamba wa Pwani husafiri mamia ya kilomita kwenye barafu. Hata hivyo, Ziwa Victoria lina mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Nyama yake nyeupe na nene huufaa mno upishi huu.

Mbuta alipandwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Viwanda vilipoanza kununua minofu na kuiuza Ulaya, wakazi wengi walibakia na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyosazwa. Kwa hivyo, nusu kilo ya mnofu si kitu cha kufanyia majaribio. Wapishi hukosea mara nyingi katika mambo matatu: maji ya samaki, uchemshaji wa makaroni na moto.

Kwa walaji sita, huhitajika:
- Mnofu wa mbuta, gramu 500
- Makaroni, gramu 250
- Maziwa, mililita 750
- Siagi gramu 50 na unga wa ngano gramu 50
- Kitunguu 1, nyanya 2, ndimu 1, dania, chumvi na pilipili manga
- Vipande 2 vya mkate mkavu uliosagwa

Samaki mbichi hutambuliwa kwa macho maangavu, mashavu mekundu na nyama inayorudi mahali pake ikibonyezwa. Mnofu hukatwa vipande, hutiwa chumvi na ndimu kwa dakika 10, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi na kukaangwa kidogo. Asiyeyaondoa maji haya huishia na chakula kinachoelea.

Makaroni huepuliwa dakika 2 kabla ya kuiva, kwa kuwa yataendelea kunywa rojo yakiokwa. Yakiiva kabisa sufuriani, hugeuka bonge.

Rojo huanza kwa kuyeyusha siagi na kukaanga unga kwa dakika 2 bila kuuacha ubadilike rangi. Maziwa humiminwa kidogo kidogo huku mpishi akikoroga, ili kuepuka madonge. Mwenye mgongo wazi anaweza kuuchemsha kwa dakika 20, akauchuja, na supu yake ikachukua nafasi ya nusu ya maziwa. Ladha ya samaki huzidi, na gharama hupungua.

Kitunguu na nyanya hukaangwa hadi zikauke, kisha huchanganywa na makaroni, samaki, dania, pilipili manga na rojo. Mchanganyiko humiminwa katika sufuria iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa mkate uliosagwa.

Mwenye ovena huoka kwa nyuzi 180 za selsiasi kwa dakika 30. Asiye nayo hutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, huupasha moto kwa dakika 10, kisha huweka juu yake sufuria yenye chakula. Sufuria kubwa hufunikwa kwa kifuniko bapa cha bati, na makaa mengi hupaliwa juu yake, huku machache yakiachwa chini. Moto ukizidi chini, kitako huungua ilhali sehemu ya juu ingali nyeupe. Chakula kimeiva iwapo kimepiga wekundu wa dhahabu juu na samaki anachambuka kwa uma.

Kazi hii ifanyiwe nje, au mahali penye madirisha na mlango wazi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu ndani ya chumba kilichofungwa.

Kikiepuliwa, chakula huachwa kwa dakika 10 kishikane kabla ya kukatwa. Kwa njia hiyo nusu kilo ya mbuta, ambayo ikikaangwa peke yake ingetosha watu wachache tu, huwashibisha sita.