Kipenyo cha Risasi na Nguvu Zake

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inapakana na vijiji vya wakulima wa Wilaya ya Kilosa, na barabara kuu iendayo Zambia hupita ndani yake. Katika eneo hilo walinzi wenye silaha hukabiliwa na kazi mbili zisizofanana: kulinda usalama penye watu wengi, kama vile kituo cha mabasi, na kuwakinga wakulima na tembo au nyati waingiao mashambani. Je, risasi ya namna moja yaweza kufaa kwa kazi zote mbili?

Watu wengi hudhani kuwa nguvu za risasi hutegemea kipenyo chake, yaani unene wake. Dhana hiyo si sahihi. Risasi irukayo ina nishati mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo yake ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi yake.

Tuchukue mifano mitatu kwa tarakimu za kukadiria. Risasi ya bastola ya milimeta 9, itumiwayo na polisi wa nchi nyingi, ina gramu 8 na hutoka mtutuni kwa kasi ya meta 350 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 490. Risasi ya bunduki ya AK-47 ni nyembamba zaidi, milimeta 7.62, nayo pia ina gramu 8. Lakini kasi yake ni meta 700. Kasi imekuwa mara mbili, hivyo nishati imekuwa mara nne: jouli 1,960. Risasi ya tatu ni ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912. Kipenyo chake ni inchi 0.375, yaani milimeta 9.5, karibu sawa na ile ya bastola. Hata hivyo ina gramu 19 na kasi ya meta 760. Nishati yake yapata jouli 5,500, zaidi ya mara kumi ya ile ya bastola.

Sababu ni kwamba ganda kubwa hubeba baruti nyingi, na mtutu mrefu huipa gesi nafasi zaidi ya kuisukuma risasi.

Kwa hiyo askari ampigaye tembo kwa bastola huenda akamjeruhi tu, na mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kubwa kwa wanakijiji. Kinyume chake, risasi ya kuwindia ikipigwa kituoni yaweza kumpenya mhalifu na kumwua asiye na hatia aliye nyuma yake. Hata risasi ya bastola yaweza kupenya. Ndiyo maana polisi wa baadhi ya nchi hutumia risasi zenye ncha ipanukayo, ambazo hupoteza nishati upesi mwilini. Risasi za aina hiyo zilipigwa marufuku vitani kwa Azimio la Hague la mwaka 1899, kwa sababu majeraha yake ni mabaya mno.

Wanafunzi wakokotoe: kasi ya risasi ya bastola ikipungua hadi meta 250 kwa sekunde, ni sehemu gani ya nishati yake hubaki?